Kufuli la Pampu

Timotheo alitunza stoo ya shamba la mkonge maisha yake yote ya kazi, na stoo ikamharibu. Haikumharibu mwili, maana ukiacha mgongo mwili ulikuwa na nguvu zake. Ilimharibu macho. Mtu aliyezoea kuangalia mikono ya wenzake ikiingia na kutoka mlangoni hawezi tena kuona mkono bila kujiuliza umebeba nini. Alipostaafu akajenga nyumba yake Pongwe, kazi hakuiacha, alibadilisha stoo tu. Jirani akimsalimia asubuhi sawa, lakini akimsalimia tena mchana, Timotheo alitaka kujua salamu ya pili ni ya nini.

Raha yake ilikuwa moja, nayo ni pombe. Si kunywa, maana kunywa alikunywa kwa adabu. Raha yake ilikuwa kuipika. Aliotesha kimea cha mtama mwenyewe, akakianika, akakisaga, akakichemsha kwenye sufuria kubwa ya shughuli, kisha akakipoza na kukitia kwenye pipa kichachuke. Bibi yake aliyekuja kukata mkonge kutoka bara alipika vilevile kwa mtungi wa udongo, na Timotheo alijifunza kwa kukaa miguuni pake. Kitu kimoja bibi alimkataza kabisa, nacho ni kuusugua mtungi. Mtungi huoshwa juu juu kwa maji baridi basi, ule utando wa ndani unaachwa, maana ndio unaoiamsha pombe inayofuata. Mwanamke aliyesuguliwa mtungi wake na mtu mwingine, bibi alisema, ameibiwa mkono wake wa pombe, na hata akipika na malaika haitaumuka.

Mgongo ndio ulioleta pampu. Kuhamisha uji wa moto kutoka kwenye sufuria kwenda kwenye pipa lililo juu ya benchi ni kazi ya vijana wawili wenye shabaha, na siku moja Timotheo aliumwaga ukamuunguza goti. Akaenda dukani akanunua kipampu cha plastiki cha buluu, kile cha kuvutia maji kisimani, kwa sababu kilikuwa kidogo na muuzaji hakukisifia sana. Kile kilichosifiwa sana alikiacha. Kipampu kilifanya kazi yake mpaka uji wa moto ulipokipitia mara kadhaa, kikaanza kulainika ndani kama mshumaa, na pombe ikanuka ndoo iliyoachwa juani.

Pombe hiyo ndiyo iliyonywewa siku ya Pasaka, kwenye kipaimara cha mtoto wa mdogo wake. Na siku hiyohiyo alikuja mgeni kutoka Amani, kule milimani, mzee Alexander, mkulima wa iliki, mjomba wa binti anayeitwa Blessing. Blessing ndiye aliyekuwa amechumbiana na Anold, mwana pekee wa Timotheo, fundi umeme wa majumbani. Mjomba alikuja kuitazama nyumba ambayo mpwa wake anataka kuolewa. Akanywa vikombe viwili kwa heshima, na usiku kucha akawa anapishana na wageni wengine mlango wa choo. Elizabeti, mke wa Timotheo, ndiye aliyekesha akiwapikia uji na kuwapa maji ya chumvi na sukari.

Asubuhi mzee Alexander aliaga akiwa amekonda. "Nitawapa nafasi moja tena," alisema. "Siku ya posa njooni na pombe, kama ilivyo kwetu. Lakini ikiwa kama hii, msishuke kwenye gari."

Kwa ukoo ule wa Blessing, pombe ya posa haikuwa kinywaji tu. Baba wa mwanamume aliileta aliyoipika kwa mkono wake, ikafungwa kwao na kufunguliwa mbele ya wakwe, naye akanywa kikombe cha kwanza mpaka mwisho watu wote wakimwangalia. Kikombe kile kilikuwa kiapo kwamba ndani ya pombe hamna kitu na ndani ya nyumba hamna mtu mbaya. Baada ya hapo ndipo maneno ya ndoa yanaanza. Kwa hiyo Anold alijua, na mama yake alijua, na Timotheo alijua zaidi ya wote, kwamba harusi imekaa ndani ya pipa.

Alikwenda mjini, Ngamiani, kutafuta pampu ya maana. Watu walimwelekeza kwa Khatib, Mpemba, fundi wa pampu za mashua, za visima na za misikiti. Timotheo alisimama upande wa pili wa barabara kwanza, akamtazama fundi akifanya kazi, akatazama wateja wanatoka na sura gani. Hakuona ubaya, na hilo nalo likamtia wasiwasi.

"Shikamoo mzee," alisema Khatib alipoingia.

"Marahaba. Nataka pampu."

"Karibu. Ya maji gani?"

"Ya moto."

"Moto nimesikia. Ni maji gani hayo?"

Timotheo alimtazama kofia yake ya kiua, akamtazama mke wa fundi, Mwatum, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akipembua mchele, akatazama tasbihi iliyotundikwa ukutani. "Ya kimea," alisema mwishoni.

"Haya, hapo sasa umesema. Mie sinywi, na hilo ni langu. Lakini nikikupa pampu ya kisima ukachemshia kimea utarudi hapa kunitukana."

Akamtolea pampu iliyotoka kwenye kiwanda kidogo cha maziwa kilichofungwa. Kichwa chake kilikuwa cha chuma cha pua, kisichoshika kutu wala kuyeyuka. Mota ilikaa nyuma peke yake, na impela ya ndani, ile inayosukuma maji, ilizungushwa na sumaku, hivyo hapakuwa na mhimili wa kupenya wala mpira wa kuvuja. Khatib aliifungua skrubu zake nne akamwonyesha. Pampu hii, alisema, haina nguvu ya kunyonya. Iweke chini ya sufuria, maji yajiangukie yenyewe mpaka yaijaze, ndipo uwashe. Usiiwashe kavu hata kidogo. Ukitaka ipunguze mwendo, bana koki ya kutokea, ya kuingilia iache wazi, la sivyo itakohoa na kujila.

Hayo Timotheo aliyasikia, kwa kuwa ni ya mashine. Lakini Khatib alipofika kwenye kuosha, masikio yakafunga.

"Ukimaliza kazi tu, mzee, siku ileile, pitisha maji ya moto yenye magadi. Yazunguke, yazunguke. Kisha maji safi. Halafu ufungue kichwa, uifute impela na hii oringi, hiki kipete cha mpira, na mpira wa maji uutundike ukauke. Kimea kikilala humu ndani, kesho ni uvundo."

Timotheo aliitikia kwa kichwa kwa adabu. Moyoni alijiuliza Mpemba asiyejua hata ladha ya pombe anamfundishaje yeye, mjukuu wa bibi yake. Tena kwa nini akazanie hivyo kuosha? Nani anayefaidika mtungi wa mtu ukisuguliwa? Alilipa akaondoka, akageuka nyuma kwenye kona kuona kama fundi anacheka. Fundi alikuwa ameshainama kwenye kazi nyingine.

Pampu ilifanya maajabu. Uji ulipanda kutoka kwenye sufuria mpaka kwenye pipa kwa mlio mdogo wa kuridhika, na pombe ya kwanza ikatoka nzuri. Timotheo akaisuuza pampu kwa maji baridi, juu juu, kama mtungi, akaiacha na utando wake kwenye kibanda alimopikia. Pombe ya pili ilikuwa na ukakasi kidogo ambao yeye aliuita ukomavu. Ya tatu ikatoka nzuri kuliko ya kwanza, na ya nne ikawafanya majirani waanze kumwita mtaalamu. Jina hilo alilipenda, ingawa alichunguza nani analitamka kwa kejeli.

Elizabeti hakuionja hata moja. Alikuwa ameokoka. Mbele ya akina mama wa Jumatano, kikundi cha maombi cha usharika wao wa Kilutheri, alikuwa ametoa ahadi kwamba hatagusa pombe kwa mkono wala kwa mdomo. Timotheo hakumlaumu, ila aliiona ahadi hiyo kama mtu anayeona nyufa ukutani: haijaanguka, lakini inaangaliwa.

Siku moja aliingia kibandani akainusa pampu. Haikunuka kitu. Aliingiza pua kwenye mdomo wake akavuta kwa nguvu, lakini hakukuwa na uchachu wala kimea, chuma kitupu. Akatazama skrubu nne za kichwa. Zilikuwa zimezungushwa, maana vumbi lake la kimea, lililokaa kwenye vijishimo vya skrubu na ambalo yeye hakuwa amelifuta, halikuwapo. Mpira wa maji aliouacha umelala chini ulikuwa umetundikwa msumarini.

Kuna mtu alikuwa ameingia kwenye pampu yake na kuchukua utando.

Alikaa kwenye gunia akafikiri kama mtunza stoo. Mwizi wa kawaida huiba kitu, naye huyu ameacha pampu akaiba mkono wake wa pombe. Angekuwa mtu mwenye akili nyingine angekumbuka kwamba pombe za karibuni zimekuwa nzuri, akauliza kwa nini. Timotheo alikumbuka, akasema moyoni kwamba ndivyo wanavyofanya: wanakuachia kwanza unone, halafu siku yako kubwa wanakumaliza.

Wiki hiyo alikuwa na shughuli mjini, akapita Ngamiani kununua oringi ya akiba. Khatib hakuwapo, alikuwapo Mwatum. Alimpa oringi, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa ukarimu, akasema, "Tusalimie mama Anold. Kitambo kidogo nyuma alikuja hapa, akakaa na fundi wakazungumza sana. Mkeo ana heshima yule, mashaallah."

Timotheo alirudi Pongwe bila kusikia konda akidai nauli. Elizabeti amekuja Ngamiani? Kwa fundi wa pampu? Na hakusema? Kwa mara ya kwanza tangu amwoe aliogopa kufika nyumbani kwake, na woga huo ulimuuma kuliko hasira.

Hakumuuliza. Hapo ndipo stoo ilipomponza. Katika stoo mtu hamuulizi mwizi, anamtegea. Siku ya kupika iliyofuata, alipomaliza kazi, alichukua uzi mmoja mwembamba wa mkonge, rangi yake ile ile ya ukuta wa udongo, akaufunga mlangoni mwa kibanda usawa wa goti, akanyunyiza majivu sakafuni. Kisha akaaga kwa sauti kwamba anakwenda kucheza bao, na kweli akaenda, akafungwa na watu asiowahi kufungwa nao. Aliporudi uzi ulikuwa umekatika, na kwenye majivu kulikuwa na alama za kandambili ndogo, ya kushoto imelika kisigino. Kandambili hiyo aliijua, maana aliinunua mwenyewe. Na kwenye kamba ya nguo, katikati ya kanga na mashuka, zilining'inia glovu za mpira zinazodondosha maji.

Glovu. Mtu anayefanya jambo jema, alijiuliza, anavaa glovu kwa nini?

Basi kila kitu kikajipanga chenyewe. Mkewe amechukia pombe tangu aokoke. Mpemba naye dini yake haimruhusu. Wamekaa wakazungumza, wamekubaliana kumwaibisha mbele ya wakwe, aache kupika kabisa. Kwamba mwanamke huyo anampenda Anold kuliko macho yake, Timotheo alilijua vizuri, akalisukuma pembeni.

Kesho yake alinunua kufuli. Akagonga sanduku la mbao, na alipopika pipa jingine akaiweka pampu ndani pamoja na mpira wake, mbichi kama zilivyotoka kazini, akafunga, ufunguo akautia kwenye kamba shingoni.

Elizabeti alimkuta akipiga msumari wa mwisho. "Umefungia nini, baba Anold?"

"Nimefungia mikono ya watu."

Elizabeti aliiweka chini ndoo aliyokuwa ameishika. "Siku ya kwenda Amani inakaribia," alisema taratibu. "Hiyo pampu ioshwe vizuri kabla hujapika ya posa."

Timotheo aligeuka. "Habari za kuosha pampu kakupa nani?"

Wakatazamana. Elizabeti alifungua mdomo, na kama Timotheo angekuwa na uso mwingine siku ile, labda neno lingetoka. Lakini alimwona mumewe anamwangalia kama alivyokuwa akiwaangalia vibarua mlangoni mwa stoo. Akaiokota ndoo yake.

"Nimesema tu," alisema, akaenda zake.

Moyo ulimshuka Timotheo alipomwona anaondoka, maana alikuwa ametamani akane. Aliyenyamaza amekiri, alijiambia. Anold alipokuja jioni kuuliza maandalizi yamefikia wapi, baba yake alimpiga bega akamwambia asiwe na shaka, mambo yako chini ya ufunguo.

Sanduku lilikaa limefungwa wakati wote wa mvua, na joto la Pongwe likafanya kazi yake. Ilipofika siku ya kupika pombe ya posa, Timotheo alifungua kufuli, akainua kifuniko, na harufu ikamkaribisha, nzito, chachu, yenye utando. Alifumba macho akaivuta kwa raha. Ilikuwa harufu ya mtungi wa bibi yake. Karibu atoe machozi. Akafunga mpira, akaiweka pampu chini ya sufuria, akaacha uji ujiangukie na kuijaza, akabana koki ya kutokea kama alivyoelekezwa. Alifuata kila neno la Khatib ila lile moja. Uji ulipanda ukaingia kwenye pipa, na pamoja nao kila kilichokuwa kimelala ndani ya ule mpira. Akatia hamira, akafunga mdomo wa pipa kwa jani la mgomba na kitambaa, akakaza kamba. Tangu hapo halifunguliwi mpaka mbele ya wakwe.

Walikodi gari, wakapita Muheza, wakapanda mlima. Elizabeti alikaa na akina mama wawili wa Jumatano waliokuja kumsindikiza, wakiimba njia nzima. Timotheo alikaa nyuma na pipa, mkono juu ya kamba, macho juu ya mkewe.

Kwa mzee Alexander palikuwa na turubai, viti vya kanisani na harufu ya iliki inayokauka. "Onga mshi," wenyeji waliwaamkia kwa Kishambaa, na wageni wakaitikia wanavyojua. Pipa likawekwa katikati. Blessing alikuwa ndani na shangazi zake, pazia la mlango likitikisika kila mara. Anold alikaa kwenye ncha ya kiti, amevaa suti.

Mzee Alexander alimpa Timotheo kikombe cha bati. "Baba," alisema, "tuonyeshe nyumba yako."

Timotheo alifungua kamba kwa kujivuna. Akaondoa kitambaa, akaondoa jani.

Harufu iliyotoka iliwafanya walio karibu warudi nyuma. Ilikuwa siki, mpira ulioloweshwa na kitu kingine kama kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa ndooni. Timotheo alichota, akapeleka kikombe mdomoni. Pombe ilifika kooni ikakataliwa. Ikamrudia kidevuni, ikamchuruzika kwenye shati jeupe.

Hapo alikuwa na njia. Angesema imeharibika, nisameheni, naye mzee Alexander angemwita mchafu, pengine siku ingeahirishwa, na aibu ingekuwa aibu tu. Lakini Timotheo alikuwa ameisubiri saa hii kwa muda mrefu mno. Alinyoosha kidole.

"Muulizeni huyu!" alipaza sauti. "Muulizeni mke wangu! Ameingia kwenye pampu yangu kwa siri, nina ushahidi, nimeona nyayo zake. Yeye na fundi wake wa Ngamiani. Ametia kitu!"

Neno hilo la mwisho lilipita chini ya turubai, na kila aliyelisikia akamtazama mwenzake. Ndani pazia liliacha kutikisika. Mzee Alexander aliinama polepole, akaokota kofia yake iliyokuwa kwenye meza.

"Kwa hiyo nyumbani kwenu," alisema, "kuna mtu anayewatilia watu vitu."

"Mjomba, hapana," Anold alisema. "Baba! Unasema nini?"

"Baba yako amesema mwenyewe, mbele ya watu. Mimi pombe chungu ningeisamehe. Lakini binti wa dada yangu simpeleki kula kwenye nyumba ambayo mwenyewe anaogopa kunywa." Akavaa kofia. Wazee wengine wakaanza kuinuka, na viti vikakwaruza udongo.

Ndipo Timotheo alipoona alichokifanya. Alikuwa amekuja kuapa kwamba nyumba yake haina mtu mbaya, akaapa kwamba anaye, na amemtaja. Alitaka kulirudisha neno, lakini lilikuwa limeshawafikia wote.

Elizabeti alisimama. Alijifunga kanga kiunoni, akaja katikati, akasimama mbele ya pipa. Hakumtazama mumewe.

"Ni kweli niliingia," alisema. "Usiku ule wa Pasaka niliwahudumia mliougua, na wewe mzee ukiwemo. Baadaye baba Anold akanunua pampu nyingine, nikapita kibandani nikanusa mpira wake, nikakumbuka harufu ya usiku ule. Nikaenda kwa fundi Khatib nikamuuliza. Akaniambia pampu isipooshwa inaoza ndani. Basi kila baba Anold akimaliza kupika na kwenda barazani, niliifungua nikaiosha kwa maji ya moto na magadi. Nilivaa glovu, kwa sababu nimeahidi mkono wangu hautagusa pombe. Pombe ambayo majirani zetu waliisifu ilipita kwenye pampu niliyoiosha mimi. Kisha yeye akaifungia sandukuni. Toka hapo haijaoshwa. Hiki ni uchafu, hakuna kingine."

"Ni maneno, mama," alisema mzee Alexander, lakini alikuwa amesita kuondoka.

"Ni maneno," Elizabeti alikubali.

Akachukua kikombe mkononi mwa mumewe. Mmoja wa akina mama wa Jumatano aliita kwa sauti ndogo, "Mama Anold, usifanye hivyo." Elizabeti alichota mpaka kikombe kikajaa. Mikono yake ilikuwa mitupu. Akanywa. Alisimama katikati kukusanya pumzi, machozi yakamtoka kwa ukali wa kitu kile, akanywa tena mpaka chini, akageuza kikombe wote waone.

"Nyumbani kwangu hakuna mtu mbaya," alisema. "Binti yenu atakula ninachokula mimi."

Mzee Alexander alikichukua kikombe kutoka kwake akakinusa. Akaliinamia na pipa, akanusa muda mrefu kama mkulima anayepima iliki yake. Kisha akavua kofia akairudisha mezani.

"Kaeni," aliwaambia wazee. "Lile pipa likamwagwe bondeni, mbali na maji. Mleteeni mama chai. Maneno ya posa tutazungumza naye yeye."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wakazungumza na Elizabeti, wakacheka naye, wakaafikiana naye, na Blessing akaletwa nje akapiga magoti mbele yake. Timotheo alikaa kwenye kiti chake cha pembeni na shati lake lenye doa. Hakuna aliyemtukana. Walimpa chai, wakampitishia sukari, wakaendelea na mazungumzo kana kwamba ni jamaa wa mbali aliyekuja kwa lifti.

Walipokuwa wakishuka mlima, Elizabeti aliomba gari lisimame. Alishuka haraka akaingia kwenye majani ya kando ya barabara, akatapika. Timotheo alimfuata na chupa ya maji. Akamshikilia kanga isichafuke, akamsubiri mpaka akamaliza na kusukutua. Ndani ya gari akina mama wa Jumatano hawakuwa wakiimba tena.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza. Sauti yake ilikuwa imepasuka.

Elizabeti alijifuta mdomo. "Nilikwambia ioshwe. Ulinijibu nini?"

Timotheo alitazama chini. Yote aliyoyaona yalikuwa ya kweli: skrubu, uzi, nyayo, glovu. Alikuwa ameona kila kitu sawasawa, na katika yote hayo hakumwona mkewe.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, Eliza. Jumatano utakaposimama mbele ya wenzako kusema umekunywa, nitakwenda na wewe. Nitasimama niwaambie ni mimi niliyekunywesha."

Elizabeti alimtazama. Alimtazama kwa utulivu, bila hasira, tangu usoni mpaka mikononi, na mikononi akakawia, kama anayetaka kujua imebeba nini.

"Tutaona Jumatano," alisema. Akapanda gari, akaenda kukaa kando ya wenzake.